Ubeti Nilioukata

Nyemo mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, mimi nikiwa nje ya mlango wa bafu na wewe ndani, maji yakimwagika kwa kelele kuliko ilivyohitajika. Ulisema shikamoo kama mtu anayesoma namba za mita ya umeme. Nikaitikia marahaba. Kwa hiyo naanza bila salamu.

Saa hizi uko Mvumi, unamuaga Bibi. Jioni utarudi, utaingia chumbani moja kwa moja, utafunga tranka la kwenda nalo kidato cha tano Iringa, na kesho alfajiri tutakwenda stendi tukiwa tumenyamaza kama watu wanaowahi hospitali. Ndiyo maana naandika sasa, mchana, na upepo huu wa kwetu unapenyeza vumbi chini ya mlango. Sitaandika habari za godoro, wala ndoo, wala jembe mnaloambiwa mwende nalo. Habari za wavulana Bibi atakuwa amekueleza, tena kwa uwazi kuliko ninavyoweza mimi. Nataka kuandika habari za shairi.

Najua shairi likitajwa katika nyumba hii huwa unasimama na kuondoka. Basi soma ukiwa umesimama, lakini soma hadi mwisho.

Naliandika hapa, maana kulizungumzia kwa kulizunguka kumetufikisha hapa tulipo:

Nimefungiwa uani, duara langu ni fupi,
Kigingi kimo tumboni, nikimbilie ni wapi,
Vitabu vyangu kapuni, vimegeuka makapi,
Nani aking'oe hiki kigingi, nami nipite?

Lina beti nyingine, lakini huu ndio watu wanaoukumbuka. Huu ndio mwalimu wenu wa Kiswahili alioutoa kopi mkiwa kidato cha nne, jina langu likiwa chini, akauliza darasa: mtunzi huyu alikuwa katika hali gani ya maisha? Hukuniambia wewe. Aliniambia Bibi, miezi mingi baadaye, na alinikasirikia mimi wala si wanafunzi. Alisema kuna msichana aliyenyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, kwa nini tubahatishe? Kigingi mwenyewe si huyu hapa." Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hadi mtihani wa mwisho hukuitwa tena Nyemo. Kigingi, njoo utushikie mbuzi. Kigingi, usisimame mlangoni, tunapita.

Mimi nilichokiona ni siku moja tu. Nilikuwa nasonga ugali, ukaja ukasimama karibu na friji, bado umevaa sare.

"Mama, ulitaka ning'olewe?"

Mimi, mwenye shahada ya Kiswahili na mwiko mkononi, nikajibu bila hata kugeuka: "Nafsineni si mtunzi, Nyemo. Anayesema ndani ya shairi si lazima awe yule aliyeliandika. Hamjafundishwa hilo?"

"Tumefundishwa."

"Basi."

"Basi," ukasema. Ukachukua sahani, ukapanga meza, ukala, ukaosha vyombo. Hukuuliza tena. Nikajidanganya kwamba umeelewa.

Nilichokwambia kilikuwa kweli chuoni. Jikoni kilikuwa uongo. Kuna watu wakibanwa hukimbilia matusi, wengine hukimbilia dini. Mimi hukimbilia istilahi. Ulikuja na kidonda, mimi nikakupa somo.

Halafu ikaja simu ya mhariri mmoja wa vitabu. Ulikuwa sebuleni ukikunja nguo za safari, ukasikia upande wangu wa mazungumzo, na nilipokata ukauliza maswali yako kwa utulivu, kama karani.

"Wanataka kuliweka kwenye kitabu cha shule?"

"Wanaomba ruhusa yangu."

"Shule gani?"

"Zitakazokichagua."

"Hata ya Iringa."

"Sijui, mwanangu. Labda."

Ukakunja blauzi moja, ukaikunjua, ukaikunja tena. "Ukikubali, likizo nakwenda Busi kwa shangazi. Hapa sirudi." Hukusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Ulisema kama mtu aliyekwisha kuulizia nauli.

Sasa nikujibu lile swali la jikoni, ninavyoweza.

Nilimaliza kidato cha sita nikiwa na tumbo ambalo halijaanza kuonekana. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa kwanza shuleni kwetu, na nguo zilikuwa zimeanza kunibana. Baba yako alikuja Mvumi na mjomba wake kutoka Busi, wakakaa kwenye viti vya plastiki uani, wakanywa chai. Babu yako, mwinjilisti, alisema binti yake hatabadili dini. Mjomba akasema na kwao ni hivyo hivyo, kijana wao hataoa nje ya dini. Wakashikana mikono. Sijawahi kuona watu wakikataana kwa heshima kiasi kile. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa dirishani, nikawaona wakiagana getini kama watu waliouziana shamba.

Chuo nikaahirisha mwaka. Wenzangu walikwenda, mimi nikabaki kwenye uwanja uliofagiliwa, kati ya banda la mbuzi na jiko. Babu hakunifukuza, angenifukuza ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Alikuwa akiniambia tu, "Usiende mbali." Kisimani nisiende, watu wataongea. Kanisani nisiende kwanza. Sokoni aende mdogo wangu. Umeshamwona mbuzi aliyefungwa: anakula majani yaliyo karibu, halafu yaliyo mbali kidogo, halafu kamba inakaza. Ardhi iliyobaki anaitazama. Mimi nilikuwa nimefikia pale pa kuitazama.

Ndiyo, Nyemo. Zilikuwapo wiki ambazo nilitaka usiwepo. Sikuwa nakujua. Hukuwa na sauti, hukuwa na haya macho yako yasiyosahau kitu. Ulikuwa jina la kila kilichonifungia: babu, uzio, chai ile ya heshima. Sikuweza kumchukia babu yako, nilimpenda. Sikuweza kumchukia baba yako, alikuwa amelia. Ulibaki wewe, ambaye usingenijibu. Ndivyo ulivyopata lile jina.

Na kuna siku hasa lilipozaliwa lile shairi. Ngoja nikusimulie, maana Bibi hupenda kuisimulia kama kichekesho na mimi huondoka chumbani.

Ilikuwa msimu wa kupura uwele. Umekulia mjini, umeona uwele kwenye gunia tu. Enzi zile kwetu wanawake wa jirani walikuwa wakikusanyika uwanja wa mtu mmoja, masuke yanamwagwa chini, kila mmoja na fimbo yake, wanapiga kwa zamu huku wakiimba. Na nyimbo zile si za sifa. Ni mahali pa kusemana. Kama una neno na mwenzako, mume wake, kuku wake, uvivu wake, unaliimba pale, naye anakujibu kwa wimbo, fimbo zikienda. Sharti ni moja: anayeimbwa ajibu. Akijibu, hata vibaya, neno limekwisha, linapepetwa na makapi. Anayeweka fimbo chini na kuondoka ndiye aliyeshindwa, na neno linabaki lake.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya uwanja wetu. Nikapewa fimbo. Alikuwapo jirani yetu, Mama Yohana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka upande wa pili wa bonde. Akaanzisha, kwa Kigogo, nami nakupa kwa Kiswahili: wenzake hubeba begi mgongoni, huyu msomi wetu begi kaliweka mbele, mwalimu gani huyu, jamani, aliyemjazia begi hivi?

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Fimbo hazikusimama. Bibi yako akapokea palepale, bila hata kuvuta pumzi: begi la mwanangu lina mtu ndani, la mwanao lina madaftari meupe, begi la mwanangu litaniita bibi, la mwanao litaliwa na mchwa.

"Hoyee!" wakasema. Mama Yohana mwenyewe alicheka hadi akaegemea fimbo. Halafu wakapunguza sauti, fimbo zikaendelea taratibu, wote wakinitazama. Ilikuwa zamu yangu. Walikuwa wamenifungulia mlango, Nyemo. Neno moja tu lingetosha, hata ningeimba kwamba begi linaniumiza mgongo, wangecheka, na tangu siku ile ningekwenda kisimani na sokoni na kanisani, kwa sababu lililokwisha kuimbwa halina mtu wa kulinong'ona.

Nikaweka fimbo chini. Nikaingia ndani.

Niliona wamenidhalilisha. Nilikuwa nimesoma ushairi kwa miaka miwili, najua vina na mizani, na nikaona wale wanawake hawana adabu. Kumbe mimi ndiye nisiyejua utunzi. Nilikaa kitandani, nikasikia fimbo zikiendelea bila mimi, nikaandika ule ubeti. Hata makapi yaliyomo nimeyatoa pale pale dirishani, yakipeperuka. Jibu nililopaswa kumpa Mama Yohana mbele ya macho yake nililiandika kwenye karatasi, mahali ambapo hapana mtu wa kunijibu. La kwake lilikwisha jioni ile ile. Alikuja na mafuta ya kunikanda miguu, na ulipozaliwa yeye ndiye aliyekuogesha wiki nzima ya kwanza. La kwangu bado linasomwa.

Ulizaliwa mwanzoni mwa mvua. Bibi alikupa jina kabla sijaulizwa: Nyemo, furaha. Nilimwambia mama, jina hilo ni kejeli. Akasema, "Kejeli ni yako. Jina ni la mtoto."

Nilianza kukujua taratibu. Sikuangukiwa na upendo kama wanavyosimulia watu, nilizoea kwanza. Ulikuwa ukinyonya huku umeshika kidole changu kana kwamba unaniongoza mahali. Ulipiga chafya ukajishtua mwenyewe, nikacheka, na nikagundua sijacheka tangu matokeo yatoke. Nikaandika ubeti wa mwisho wa lile shairi. Ulikuwa ubeti mbaya. Vina vyake vililegea na mstari mmoja ulizidi mizani, lakini wewe ulikuwamo, si kigingi. Kulikuwa na mtoto ndani yake, na kulikuwa na mvua.

Halafu yakatangazwa mashindano. Miaka ile kila mahali kulikuwa na semina za mimba za wasichana: mabango, fulana, maigizo shuleni. Shirika moja liliomba mashairi ya wasichana "waliozimwa ndoto". Neno lilikuwa hilo hilo, ndoto kuzimwa. Zawadi ilikuwa kulipiwa ada ya chuo. Nililisoma shairi langu nikaona kwamba hadi ubeti wa tatu ndilo wanalolitaka, na ubeti wa nne unaliharibu. Msichana aliyezimwa hachekeshwi na chafya ya mtoto. Nikaukata. Sikuwaza sana. Nilinakili upya, nikatuma, nikashinda.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe, hata kama hutanisamehe. Mwalimu wenu aliwaambia kwamba maisha ya mtunzi na wakati wake huonekana katika kazi yake. Ni kweli kabisa, mimi mwenyewe ningewafundisha hivyo. Lakini watu hudhani maisha huingia kwenye shairi kama maji kwenye ndoo. Katika lile shairi, maisha yangu ni beti tatu. Wakati wangu ni ule ubeti ambao haupo. Anayetaka kuiona miaka ile asiangalie nilichosema tu. Aulize nani aliomba kusikia, na nini hakikutakiwa. Walitaka msichana aliyeharibika, nami nilikuwa na mtoto aliyekuwa akinichekesha, na nilihitaji ada. Nikawapa msichana aliyeharibika. Wewe nikakuacha nje. Nilikwenda chuo juu ya mgongo wako, nawe ukabaki na Bibi ukijifunza kutembea.

Nimeutafuta ule ubeti. Usidhani nimeuficha niutoe siku ya kuagana. Umepotea, na mistari yake siikumbuki, nakumbuka tu kwamba haukuwa mzuri.

Chuoni sikujifunza. Mwaka wa mwisho niliandika utafiti kuhusu nyimbo za kupura za mama yangu. Mwenyewe nilikuwa nimeshaamua kabla ya kumhoji: mwanamke huyu alizika watoto wawili, aliona miaka ya njaa, kwa hiyo nyimbo zake ni maombolezo. Nikamkalisha, nikawasha kinasa sauti. Ana wimbo mmoja wa ndege wadogo wanaokuja kwa makundi na kuondoka na kilicho bora. Nikamuuliza kwa sauti ya msomi:

"Mama, ndege hawa ni wale watoto, sivyo? Wale ndugu zangu."

Akanitazama. "Ni ndege. Walikuwa wanakula uwele."

"Lakini ukiutunga ulikuwa umefiwa."

"Nilikuwa nimefiwa na ndege walikuwa wanakula uwele. Ulitaka niwaache?"

Nikazima kinasa sauti nikiwa nimeudhika. Akaendelea kuchambua mboga, na baada ya muda akasema, wala hakunitazama: "Na watoto pia wamo. Lakini kwanza ndege."

Sikuliweka hilo kwenye utafiti. Nilipata alama nzuri.

Ukifika huko utakutana na tabia hii ya kuwafungia watunzi ndani ya misiba yao. Mtu alifungwa, basi kila ndege katika shairi lake ni uhuru. Mtu aliachwa, basi kila mvua ni machozi. Mimi nimeshiriki kumfanyia hivyo mama yangu mzazi, na mwalimu wenu akanifanyia mimi, na kwa kunifanyia mimi akakufanyia wewe. Sisemi hakukosea. Nasema nilimpa kamba.

Na sasa je? Unajua kazi yangu. Unaniona nikiondoka alfajiri kwenda ofisini Mtumba, nikirudi na kichwa kinauma. Hujui kwamba kazi ya ushairi bado ninayo, kwa namna yake. Kila jengo likifunguliwa, kila mgeni rasmi akija, bosi ananipitia: "Mama Nyemo, tufanyie beti sita, zenye uzalendo lakini zisiwe ndefu." Nafanya. Juzijuzi niliweka mstari kuhusu vumbi linaloingia hata kwenye chai ya waziri. Nilidhani ni utani wa kwetu. Akaniita.

"Mama Nyemo, huu upepo kwenye ubeti wa tatu tuupunguze. Mgeni atadhani tunalalamika."

"Ni upepo wa Dodoma tu, bosi."

"Najua. Ila sio lazima uwemo."

Nikautoa. Atakayekuja kusoma mashairi yangu ya miaka hii kutafuta maisha yangu ataona kwamba Dodoma haikuwa na vumbi, na mimi nilikuwa na furaha tele. Hataona meza yangu iliyotazamana na ukuta, wala mimi nikifika nyumbani na kukaa kwenye gari huku nimelizima kwa sababu sijui nikishuka nitakuwa nani. Nimekuwa hodari wa kukata. Nilianza na wewe, nikaendelea.

Nilipokataa kukujibu kuhusu ruhusa ya kitabu, ulidhani nasita kwa ajili ya wale wasichana ambao mhariri alisema shairi limewasaidia. Alisema kweli. "Dada yangu," aliniambia, "kuna watoto wamelisoma hili wakajua hawako peke yao." Niliamini, na naamini bado. Lakini si ndilo lililonifanya nisite. Nilisita kwa sababu hilo ndilo shairi langu pekee watu wanalolijua. Bila hilo mimi ni afisa habari mwenye beti sita za mgeni rasmi. Nikialikwa mahali, naalikwa kwa hilo. Nikisimama kulisoma nasimama nikiwa na umri ule ule, uani pale pale, na watu wananipigia makofi nisitoke. Nimelisoma mara nyingi huku wewe umekaa safu ya mbele, na soksi nyeupe, ukipiga makofi na wenzako, kabla hujafika umri wa kuelewa. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Leo asubuhi, ulipopanda gari la Mvumi, nilimpigia mhariri nikamwambia hapana. Akaomba tuweke maelezo chini ya shairi, kwamba mtunzi na bintiye wanapendana. Nilicheka, Nyemo, nilicheka kwa sauti, na yeye akaudhika. Nikamwambia huyo binti ana jina, na hajaniruhusu kumweka chini ya kitu chochote. Akauliza kama nina shairi jingine. Nikasema sina. Ni kweli, sina.

Usilione hili kuwa kubwa kuliko lilivyo. Ile diwani lilimochapwa mara ya kwanza ipo, kopi zipo, na walimu hawatupi karatasi. Inawezekana hata Iringa mtu akalitoa kwenye faili mwaka wa kwanza kabisa. Siwezi kulirudisha mdomoni. Nimelizuia tu lisiingie kwenye milango mipya kwa mkono wangu. Likikufikia huko, unaweza kunyamaza, unaweza kutoka nje, unaweza kunyoosha mkono ukasema mtunzi aliukata ubeti wa nne kwa ajili ya ada. Usinilinde. Na ukiandika wewe siku moja, kwa sababu naona vipande vya karatasi unavyokunja nikiingia, usiniombe ruhusa. Sema ulivyoniona. Nitaumia, na kuumia kwangu kusikushike mkono.

Wala sikusema hapana ili urudi hapa likizo. Nilijiuliza sana kuhusu hilo, maana ningeweza kufanya biashara nyingine juu yako huku nikiita ni mapenzi. Mtoto anayerudi kwa sababu mama yake ametoa kitu kwa ajili yake amefungwa vilevile, kamba ni laini tu. Kwa hiyo jibu la mhariri ni la mhariri. Wewe hunidai jibu wala sikudai.

Nimezungumza na shangazi yako Busi. Nilimpigia mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka, nikamwambia mtoto akitaka kuja likizo mpokeeni. Alisema, "Wifi, kwani huku si kwao?" Ndiyo, ni kwenu. Mimi ndiye niliyekuwa nikilitaja kama mahali pa kutishiana.

Kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, penye zipu, nimeweka nauli ya kurudi, nikaongeza na ya kuendelea hadi Kondoa, na ya pikipiki kutoka pale hadi kwa shangazi. Likizo ikifika, basi la Iringa litakushusha hapa Dodoma, stendi ya Nanenane, na magari ya Kondoa yanapakia upande wa pili wa stendi ile ile. Utashuka umechoka, wapiga debe watakuvuta huku na huku, wataliita jina la kila mji isipokuwa lile lililo moyoni mwako. Usinitafute kwa macho. Siku hiyo sitakuja stendi. Nitatamani kuja, nitakuwa nimeshavaa viatu, lakini ningesimama pale ungelazimika kunipita mbele ya watu, au ungelazimika kutonipita.

Simama kidogo na begi lako. Kisha panda gari unalotaka wewe.

Mama yako